Grogan, Kiboko na Majaji wa Voi

Msafiri atokaye Mwatate kwenda Taveta, akishapita Maktau na kuanza kuuona mlima Kilimanjaro, hufika mahali ambapo jumba kongwe limeketi peke yake juu ya kilima. Walimu wa historia huwapeleka wanafunzi wao hapo, wakapiga picha na kurudi. Aliyelijenga, Ewart Scott Grogan, hakuwa sultani wala mfalme, ingawa alijenga kana kwamba alikuwa mmoja wao. Nimeona vyema kusimulia maisha yake wakati huu ambapo wananchi wa Mboghoni, kama wenzao wa wilaya nyingi za mbali, wangali wanauliza kama majaji waliopo wanatosha.

Grogan alizaliwa London mwaka 1874 katika familia yenye watoto wengi mno. Alisoma Cambridge, akafukuzwa kwa utukutu, akaenda kupigana katika vita vya Wamatabele mwaka 1896. Baadaye akampenda msichana aitwaye Gertrude Watt, ambaye baba yake wa kambo hakuridhika na mchumba asiye na kazi wala mali. Ili kuthibitisha uanaume wake, Grogan aliazimia kulivuka bara la Afrika kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo. Alianza mwaka 1898, akafika mwaka 1900, akamwoa Gertrude mwaka huo huo. Ni kisa kinachopendwa sana na waandishi wa Kizungu, nami sitakikalia. Mwaka 1904 aliingia Afrika Mashariki kutafuta utajiri wa misitu na ardhi, akaupata. Hata leo sehemu ya Nairobi yenye mafundi wa magari na vipuri bado huitwa kwa jina lake, ingawa ndimi za wenyeji zimeligeuza likawa Grogon, na wengi walitamkao hawajui kwamba ni jina la mtu.

Siku inayotuhusu zaidi ni ya Machi 14, 1907. Wakikuyu watatu waliokuwa wakikokota kigari cha abiria walidaiwa kuwakosea adabu dada yake Grogan na mwenzake. Grogan wakati huo alikuwa rais wa chama cha walowezi. Hakuwapeleka kwa polisi, wala hakuandikisha mashtaka. Aliwachukua, huku umati wa Wazungu ukimfuata, akawachapa kiboko hadharani mbele ya jengo la mahakama ya Nairobi. Hakimu alitoka nje akajaribu kuwazuia, asisikilizwe. Hakuna shahidi aliyehojiwa, wala hakuna aliyewauliza watatu wale upande wao wa kisa.

Msomaji atazame mahali penyewe palipochaguliwa. Grogan angeweza kuwachapa nyuma ya nyumba yake, kama walivyofanya walowezi wengi bila ya mtu kujua. Alikwenda mlangoni mwa mahakama kwa sababu alitaka ionekane kwamba mahakama si kitu. Hakimu mmoja, asiye na nguvu nyuma yake, akabaki amesimama kama mpita njia.

Serikali ilimshtaki, lakini kwa kosa la kushiriki mkusanyiko usio halali. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, nacho hakukitumikia katika jela ya kawaida, bali katika nyumba mjini. Tusisahau kwamba katika enzi hiyo Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alikuwa na haki ya kuamuliwa na jopo la Wazungu wenzake, ilhali Mwafrika hakuwa na jopo. Haki ilikuwa na milango miwili, na mlango wa Mwafrika ulikuwa mbali zaidi na mwembamba zaidi.

Hapa naomba radhi niingize neno la taaluma yangu. Hakimu ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ndugu wa hukumu na hekima, nalo limekaa midomoni mwa watu wa pwani kwa karne nyingi. Jaji limekuja juzi na Waingereza. Mwanakijiji humjua hakimu kwa kuwa amemwona. Jaji ni mtu wa kusikika tu, akaaye mjini. Lugha, bila ya kukusudia, imetunza kumbukumbu ya umbali huo.

Kifungo hakikumpunguzia Grogan kitu. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akajenga hoteli ya Torr's jijini Nairobi mwaka 1928, na katika miaka ya 1930 akaigeukia Taveta. Huko alijipatia maelfu ya ekari, akapanda mkonge, akachimba mifereji ya kupeleka maji mashambani, akajenga kasri lake. Haki itendeke hata kwake: maji yale yaligeuza nyika kuwa shamba, na hospitali ya watoto ya Gertrude's Garden, iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa ukumbusho wa mkewe, imeponya wengi. Lakini ardhi iliyokuwa ya watu wa Taveta iliandikwa katika hati za mgeni, na hati hizo zilihama kutoka mkono hadi mkono hata baada ya uhuru, huku wajukuu wa wenye ardhi wakiitwa maskwota.

Grogan alifariki Afrika Kusini mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 92. Mwaka huo huo Bunge la Kenya lilipitisha sheria mpya za mahakama, na mahakama za Waafrika zikaunganishwa na zile za mahakimu. Mlango ukawa mmoja. Umbali, hata hivyo, haukuondolewa kwa sheria. Katiba ya zamani ilitaka majaji wa Mahakama Kuu wasipungue 11 kwa nchi nzima, na mkulima wa Mboghoni mwenye kesi kubwa ya shamba alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Voi, kisha nyingine zipatazo 150 hadi Mombasa. Kesi ikiahirishwa, nauli imekwenda. Ikiahirishwa mara tano, mbuzi wamekwisha.

Katiba ya mwaka 2010 ilianzisha mahakama maalumu ya mazingira na ardhi, na mwaka 2012 Bunge lilipandisha kikomo cha majaji wa Mahakama Kuu hadi 150. Mahakama Kuu ikafika Voi. Hizo ni hatua kubwa, na anayezibeza hakumbuki tulikotoka. Wapo wasemao kwamba kuongeza majaji ni kuongeza mishahara tu, na kwamba jaji mmoja mwenye bidii huwashinda watatu wavivu. Nakubali kuhusu bidii. Lakini jaji mmoja akiugua, akienda likizo au akihamishwa, kesi za wilaya nzima hulala pamoja naye.

Tena kikomo kilichoandikwa katika sheria si majaji walioketi. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majina 41, na 20 kati yao walikuwa wa mahakama ya ardhi. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuwateua hadi Juni 2021, alipowateua 34 na kuwaacha sita. Sita hao, wakiwamo wawili wa mahakama ya ardhi, waliteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Kwa muda huo wote mafaili ya mashamba yalingoja. Katika nchi za mashamba makubwa kama Taveta, kesi ikingoja mwenye hati huendelea kuvuna, na asiye nayo huendelea kulima akiwa na hofu ya tingatinga. Ndiyo maana nataka wanafunzi wanaopanda kilima kile kwenda kutazama kasri wapitishwe pia Voi, waketi siku moja nyuma ya chumba cha mahakama, na kuhesabu ni kesi ngapi zimesikilizwa na ngapi zimepewa tarehe nyingine.