TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: KHALIFA ALIYEUZA VIPANDO VYA MSAFARA



Ndugu yangu katika imani, Allah aikubali funga yako. Leo twende na mtu ambaye jina lake unalijua, ila pengine maisha yake hujapata kusimuliwa kwa utulivu: Umar bin Abdulaziz, Allah amrehemu. Nimemchagua kwa sababu ya swali linalozunguka sana huku barazani baada ya tarawehe. Je, ni haki kiongozi wa halmashauri kutembelea gari la kifahari lililonunuliwa kwa fedha za wananchi, likajazwa mafuta kwa fedha za wananchi? Kuna wanaosema heshima ya ofisi inataka hivyo. Kuna wanaosema ni wizi tu. Mimi sikutumii fatwa kwenye simu. Nakusimulia maisha ya mtu, halafu wewe upime.

Tuanze na maziwa. Bibi mzaa bibi yake Umar alikuwa muuza maziwa wa Madina. Usiku mmoja Khalifa Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akipita mitaani kukagua hali za watu. Akasikia mama anamhimiza binti yake atie maji kwenye maziwa kabla ya kuyapeleka sokoni. Binti akakataa, akamkumbusha mama kwamba Khalifa amekataza. Mama akasema Khalifa hayupo hapa kuwaona. Binti akajibu kuwa kama Khalifa haoni, Mola wa Khalifa anaona. Bwana Umar aliyasikia hayo akamwoza binti yule kwa mwanawe Asim. Katika ndoa hiyo akazaliwa Ummu Asim, na Ummu Asim ndiye mama wa huyu Umar wetu. Wewe unayeamka alfajiri kushuka na madumu ya maziwa kutoka mlimani hadi mjini, jua kwamba ukoo wa khalifa mwadilifu uliota kwenye dumu ambalo halikutiwa maji.

Lakini usidhani Umar alizaliwa mnyonge. Baba yake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri. Ami yake alikuwa khalifa. Alikulia katika neema, akasoma Madina kwa wanazuoni wakubwa, akamwoa Fatima, binti wa Khalifa Abdulmalik. Ujana wake ulikuwa wa mavazi ya thamani na manukato ambayo watu waliyasikia kabla hajafika. Hata mwendo wake ulikuwa na jina, vijana wakawa wanauiga. Mwaka 87 Hijria, sawa na 706, binamu yake Khalifa Walid alipompa ugavana wa Madina, wapokezi wanasimulia kuwa mizigo yake iliingia mjini juu ya ngamia 30. Hebu piga picha: ngamia thelathini kwa ajili ya kiongozi mmoja wa mkoa! Huo ndio ulikuwa msafara wa zama hizo.

Hapa tuwe waadilifu. Hata akiwa na ngamia zake 30, hakuwa dhalimu. Alipofika tu aliwaita wanazuoni 10 wa Madina, akawaambia hatapitisha jambo bila kuwashauri, na akawataka wamletee habari za mtumishi yeyote wa serikali anayeonea watu. Basi tusimhukumu mtu kwa gari lake peke yake. Anaweza kuwepo kiongozi mwenye gari zuri na moyo mzuri. Suala ni lile ambalo Umar alikuja kuliona baadaye.

Mwaka 99 Hijria, sawa na 717, Khalifa Sulaiman bin Abdulmalik alifariki huko Dabiq, kaskazini ya Sham. Jina la mrithi lilikuwa ndani ya barua iliyofungwa, na watu walikwishakula kiapo bila kujua imeandikwa nani. Barua ilipofunguliwa, jina lilikuwa la Umar. Wengine wangepiga vigelegele. Yeye akashikwa na hofu, akasema maneno ya mtu aliyefikwa na msiba.

Wakatoka makaburini. Sasa tazama kitendo chake cha kwanza. Wakamletea vipando vya ukhalifa, farasi waliopambwa, kila mmoja na mtunzaji wake. Akauliza hivi ni nini. Wakamwambia ndivyo vipando vya khalifa. Akasema baghala wake aliyekuja naye anamtosha. Mkuu wa askari akatangulia mbele na mkuki kumsafishia njia, kama ilivyokuwa desturi. Akamwambia akae kando, kwani yeye ni mtu mmoja tu miongoni mwa Waislamu. Halafu akaamuru vipando vile, pamoja na mahema na mazulia ya fahari, viuzwe, na fedha ziingie Baitulmali.

Ndugu yangu, simama hapo kidogo. Mtu huyu hakuwa mgeni wa anasa. Alizijua ladha zake tangu utotoni. Kilichobadilika ni hesabu. Zamani alikuwa akipanda vya kwake na vya ukoo wake. Siku ile aliletewa vya mjane, vya yatima, vya mkulima aliyetoa kodi yake. Akaona kwamba akiketi juu ya farasi yule, ameketi juu ya migongo yao.

Akaingia ndani kwake. Mkewe Fatima alikuwa na vito vya thamani alivyopewa na baba yake alipokuwa khalifa. Umar akamwambia achague: ama avirudishe Baitulmali, ama waachane, kwani hawezi kukaa nyumba moja na vito vile. Fatima akavitoa. Umar alipokwisha kufa, ndugu yake aliyeshika utawala alitaka kumrudishia. Akakataa. Hakuona sababu ya kumtii mumewe akiwa hai na kumwasi akiwa kaburini.

Kuna kisa kingine, na hiki kinatugusa moja kwa moja. Dola ilikuwa na vipando vya barid, yaani wanyama wa posta wa kubebea barua za serikali. Umar alipenda asali, na siku moja haikuwepo nyumbani. Baadaye akaletewa asali tamu. Akauliza imetoka wapi. Akaambiwa kuwa mkewe alimtuma mtu akainunue mbali kwa fedha yake mwenyewe, ila mtu yule alipanda kipando cha posta. Unajua alifanya nini? Aliamuru asali iuzwe. Mtaji wa mkewe ukarudishwa, na iliyozidi ikaingia Baitulmali. Asali ilikuwa halali na fedha ilikuwa halali. Kilichoharibu ni safari.

Sasa wewe dereva wa gari lenye namba za SM, na wewe mkuu wa idara unayemtuma huyo dereva: gari la halmashauri likienda kuchukua watoto shule, au kubeba ndizi za nyumbani kutoka Tengeru, au kukupeleka harusini Jumamosi, hiyo ni asali ya Umar. Huenda ndizi umenunua kwa mshahara wako halali. Tatizo ni mafuta, matairi na saa za dereva.

Tusipindue maana lakini. Umar hakufuta posta. Wanyama wa barid waliendelea kufanya kazi, tena akakataza wasichomwe kwa fimbo zenye chuma wala wasifungwe hatamu nzito. Wala hakuwaacha watumishi wake wafe njaa. Inasimuliwa aliwalipa magavana wake hadi dinari 100 na 200 kwa mwezi, akieleza kuwa mtu aliyetoshelezwa mahitaji yake ataishughulikia kazi ya watu. Kwa hiyo alijua kutofautisha chombo cha kazi na chombo cha fahari. Huku kwetu tunaijua barabara ya kwenda Ngarenanyuki mvua ikinyesha. Daktari, afisa kilimo au mhandisi wa maji akienda huko anahitaji gari lenye nguvu, na atakayemnyima anawanyima wananchi huduma. Hilo ni kama baghala wa Umar. Ila gari la mamia ya milioni linalotoka nyumbani Njiro hadi ofisini mjini, kwenye lami, na kiyoyozi kikinguruma nje ya ukumbi saa tatu nzima wakati bosi yuko kikaoni, hilo linamhudumia nani?

Hata matumizi madogo Umar aliyaangalia. Gavana wake wa Madina aliandika kuomba karatasi zaidi na mishumaa, kama walivyopewa waliomtangulia. Umar akamjibu kwamba anachonge kalamu iwe nyembamba, abane mistari, na aweke mambo mengi kwenye karatasi moja. Kuhusu mishumaa, akamkumbusha kwamba zamani alikuwa akitoka usiku wa baridi kwenda msikitini bila taa yoyote. Yeye mwenyewe alikuwa akiwasha mshumaa wa Baitulmali anapofanya kazi ya watu, na mgeni akigeuza mazungumzo kuwa ya nyumbani, anauzima na kuwasha wake.

Jamaa zake wa ukoo wa Umayya walikasirika sana. Walizoea kuchota. Wakamtuma shangazi yake, mama aliyeheshimika, akamsihi. Umar akamkaribisha kwa adabu zote, kisha akaiweka dinari motoni mpaka ikawa nyekundu, akaitupa juu ya kipande cha nyama, ikachoma. Akamuuliza shangazi kama yuko tayari mwana wa kaka yake aunguzwe hivyo. Mama yule akarudi kwa ndugu zake akawaambia wasimlaumu mwingine: wao ndio waliooa katika ukoo wa Umar bin Khattab, sasa wavumilie mzao wake.

Hapa nazungumza na sisi tusio na ofisi. Ukoo wa Umar tunao majumbani mwetu. Kijana akipata cheo halmashauri, jamaa wanauliza gari amepewa gani. Akija msibani kwa daladala, tunanong'ona kwamba hana akili ya maisha. Akija na V8, tunampisha kiti cha mbele na kumpa kipaza sauti. Sisi ndio tuliolipa gari la fahari jina la shangingi, tunacheka, halafu tunalisogelea lifti. Tunawafundisha viongozi kwa macho yetu kuwa heshima inakaa kwenye vioo vyeusi.

Wala usidhani haya ni mambo ya Sham tu. Hapa hapa mjini kwetu, Januari 1967, TANU walikaa wakapitisha Azimio la Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari, na jumba lake la makumbusho liko karibu na Mnara wa Mwenge. Lilimwekea kiongozi masharti: asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Na Juni 2022 Waziri wa Fedha aliliambia Bunge kuwa gharama za magari ya Serikali ni kubwa, akapendekeza watumishi wengi wakopeshwe magari wayahudumie wenyewe. Kwa hiyo ukiuliza swali hili hufanyi uasi. Swali hili limeulizwa Dodoma, limeulizwa Arusha, na mwenye kuliuliza kwanza nafsi yake alikuwa Khalifa.

Fedha za halmashauri zinatoka wapi? Kwa mama wa Kilombero anayekatiwa risiti ya ushuru kwa mashine kabla hajauza hata fungu moja la nyanya. Katika mapato hayo ya ndani, sheria inataka asilimia 10 iwe mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kila lita inayochomwa bure inapunguza kinachobaki kwa ajili ya zahanati, choo cha shule na kalvati.

Umar alitawala miaka miwili na miezi kadhaa tu. Aliyetumwa Ifrikia, kule kaskazini, kukusanya sadaka na kuzigawa, alisimulia kuwa hakupata fukara wa kumpa, akanunua watumwa akawaacha huru. Rajab mwaka 101 Hijria, sawa na 720, Umar akafariki akiwa na miaka takriban 40. Alipokuwa akiugua, shemeji yake aliona kanzu yake imechafuka, akamwambia dada yake Fatima aifue. Alipoikuta vile vile siku nyingine akauliza. Fatima akaapa kuwa mumewe hana kanzu nyingine. Huyu ndiye mtu aliyeingia Madina na ngamia 30.

Kazi yetu ya leo. Mwenye gari la umma: kabla ya kuwasha, jiulize safari hii ni ya nani. Diwani: bajeti ya magari ikiletwa mezani, usiipitishe ukiwa umesinzia, iulize. Raia: hudhuria mkutano wa mtaa, uliza mapato na matumizi kwa adabu, usimtukane mtu wala kumzulia, maana kusengenya kunakula swaumu yako. Na kiongozi akija swala ya Ijumaa kwa miguu, mpe salamu ile ile uliyokuwa ukimpa akishuka kwenye V8, na uizidishe.

Ewe Mola, wape viongozi wetu khofu yako, utupe na sisi macho ya kuheshimu uadilifu kuliko chuma. Amin.

Wallahu a'alam. Futari njema. Mtumie na mwenzako.