Xie Xide, Aliyesoma Akiwa Kitandani

Ndugu msomaji, itazame redio yako. Unatia betri, unazungusha kitufe, na sauti ya Dar es Salaam inafika Sumbawanga, Laela na Namanyere. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wengi nchini walikusanyika wakajifunza kwa redio. Ndani ya redio mna vipande vidogo viitwavyo transista. Kazi yake ni kukuza umeme dhaifu unaonaswa na redio, mpaka sauti isikike.

Katika somo hili utasoma habari za mwanamke wa China aliyewafundisha wenzake elimu ya vitu hivyo. Jina lake ni Xie Xide. Litamke hivi: Shie Shide. Kwa desturi ya Wachina, jina la ukoo hutangulia.

Utoto na ugonjwa

Xie alizaliwa tarehe 19 Machi, 1921, katika mji wa Quanzhou, kusini mwa China. Mama yake alifariki Xie akiwa bado mdogo sana, akalelewa na bibi yake. Baba yake alikuwa mwalimu wa fizikia.

Mwaka 1937 Japani iliivamia China. Watu wengi walikimbia makwao, na jamaa ya Xie pia. Mwaka 1938, alipokuwa tayari kuingia chuo kikuu, kifua kikuu kilimshika katika nyonga. Alilala kitandani karibu miaka minne. Je, alikata tamaa? Hapana. Aliomba vitabu. Alijifunza hesabu, fizikia na Kiingereza akiwa amelala. Alipoinuka, mguu wake mmoja haukuweza kukunjika tena. Alitembea hivyo maisha yake yote.

Mwaka 1942 aliingia Chuo Kikuu cha Xiamen, akamaliza mwaka 1946. Baadaye alikwenda Marekani, na mwaka 1951 akapata shahada ya udaktari wa fizikia.

Elimu ya vitu vigumu

Wazee wetu wa Ufipa walijenga malungu, yaani tanuri ndefu za udongo, wakayeyusha mawe na kupata chuma cha majembe. Walijua mawe yapi yanafaa na moto wa kiasi gani unatosha. Mwanafizikia naye huuliza: Kwa nini chuma hupitisha umeme, na kigae cha chungu hakipitishi?

Kati ya hivyo viwili kuna vitu vya aina ya tatu, kama silikoni, ambayo hupatikana katika mchanga. Silikoni safi hupitisha umeme kidogo tu. Ukiitia chembe chache sana za kitu kingine, huupitisha zaidi, na umeme huo unaweza kuongozwa. Transista hutengenezwa kwa njia hiyo. Hata paneli za umeme wa jua unazoziona juu ya mapaa zimetengenezwa kwa silikoni.

Kurudi nyumbani

Wakati huo Marekani ilikuwa inawazuia wanasayansi wa Kichina kurudi kwao. Xie alipitia Uingereza, akafunga ndoa na Cao Tianqin, mwanasayansi mwenzake. Mwaka 1952 wakarudi China pamoja. Xie akafundisha Chuo Kikuu cha Fudan, mjini Shanghai.

Mwaka 1956 aliitwa Beijing kusaidia kuanzisha mafunzo ya elimu hii mpya. Mtoto wake alikuwa mchanga, hajatimiza mwaka. Xie alimwacha kwa mumewe, akaenda. Wanafunzi walitoka vyuo vikuu vitano. Kitabu cha kuwafundishia hakikuwapo. Basi yeye na Huang Kun waliandika kimoja, kikatolewa mwaka 1958. Wanafunzi wale wakawa walimu na mafundi wa viwanda vya China.

Mwaka 1966 yakaja Mapinduzi ya Utamaduni. Wasomi wengi walidharauliwa na kuteswa. Xie alifungiwa ndani ya maabara ya chuo chake na kufanyishwa kazi ya kusafisha vyoo. Mwaka huo huo aligunduliwa kuwa na kansa ya titi. Hakuiacha nchi yake, wala hakuiacha kazi. Fujo zilipokwisha, alianzisha tena utafiti Fudan. Kuanzia mwaka 1983 hadi 1988 alikuwa mkuu wa chuo hicho. Alifariki Shanghai tarehe 4 Machi, 2000, akiwa na miaka 78.

Msomaji, huenda nawe umechelewa kusoma kwa sababu ya maradhi, shamba au malezi. Xie naye alicheleweshwa. Usikifunge kitabu chako.

Maswali ya kujadiliana

1. Xie alifanya nini katika miaka aliyolala kitandani?
2. Transista hufanya kazi gani ndani ya redio?
3. Mwaka 1956 Xie alimwacha mtoto kwa baba yake. Nyinyi mngeamuaje?
4. Ni mambo gani huwazuia akina mama wa kijiji chenu kuja darasani? Tafuteni pamoja njia ya kuyaondoa.