Mzee Aniceti Kitereza: Ujuzi Mwingi, Kazi Moja

Ndugu wanachama wenzangu, kila tukutanapo hubishana juu ya jambo moja: je, mtumishi wa serikali awe bingwa wa fani moja, au mtu wa kupangiwa kazi yoyote? Mabingwa hutuona sisi maafisa tawala kuwa watu wa kugusagusa tu. Sisi nasi twawaona hawatazami nje ya uwanja wao. Nimeonelea nieleze maisha ya jirani yetu wa Ukerewe, marehemu Mzee Aniceti Kitereza.

Alizaliwa mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Mwaka 1909 aliingia Seminari ya Rubya, Bukoba, akasoma kwa miaka 10, pamoja na Kilatini na Kijerumani. Upadri hakuufikia. Mwaka 1919 alitoka, akamwoa Anna Katura. Baadaye alifanya kazi kwa mfanyabiashara wa Kitaliano, kisha akarudi misheni ya Kagunguli kuwa katekista na mfasiri. Kwa vyeti, hakuwa bingwa wa chochote.

Lakini yote hayo aliyaelekeza mahali pamoja. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotafuta mtoto. Humo mna kilimo, uvuvi, dawa, pombe na taratibu za ukweni. Bwana shamba angeandika habari za jembe, mganga angeandika habari za dawa. Yeye aliviona vyote vikiishi katika nyumba moja.

Mchapishaji wa Kikerewe hakupatikana. Mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, huku maradhi ya viungo yakimtesa. Tanzania Publishing House ilikitoa kwa juzuu mbili, lakini alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Leo kinasomwa hata kwa Kiingereza na Kijerumani.

Basi tusibishane tena juu ya nani bora. Kitereza alijua mengi, ila jambo moja hakuliachia kwa zaidi ya miaka 35. Sisi tunaohamishwa idara hadi idara tujiulize tunabeba nini kutoka meza moja kwenda nyingine. Bingwa naye ajiulize ujuzi wake unaingia katika nyumba ya nani. Asiye na jibu, awe bingwa au afisa tawala, atastaafu na faili tupu.