Livingstone: Daktari aliyesafiri na tumbo bovu hadi Ziwa Mweru

Wengi wanamjua David Livingstone kwa ramani zake, kwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya na kwa vita vyake dhidi ya biashara ya utumwa. Wachache wanajua kwamba alipoliona Ziwa Mweru kwa mara ya kwanza, tarehe 8 Novemba 1867, alikuwa mtu mwenye maradhi ya tumbo ya miaka mingi, mwenye mkono wa kushoto usiopona sawasawa, na aliyekwisha kuibiwa sanduku lake la dawa. Alipita upande wa mashariki wa ziwa, upande ule ule ambako leo kuna Nchelenge na Kafutuma, akaelekea kusini kwa Mwata Kazembe.

Leo watu wa mwambao huo hupakia chisense na kuvuka maji kwenda Kilwa na Pweto upande wa Kongo, na wengine hupeleka mizigo hadi Kasumbalesa au Nakonde. Magoti yanauma, mgongo unauma, na mfukoni hakukosekani kidonge cha maumivu. Kwa watu hao, maisha ya Livingstone yana somo moja kubwa: dawa inayotuliza sehemu moja ya mwili inaweza kuumiza nyingine, na anayeficha ugonjwa wa tumbo hulipa baadaye.

Kutoka kiwandani hadi udaktari

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Akiwa na umri wa miaka 10 tu alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Alijisomesha usiku, akaingia masomo ya udaktari Glasgow, akahitimu mwaka 1840. Mwaka uliofuata alifika Afrika Kusini akiwa mmisionari na tabibu.

Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa ule haukuunga vizuri. Pale palipovunjika pakabaki kama kiungo kingine kisichostahili kuwapo. Kwa miaka 29 iliyobaki ya maisha yake, mkono huo ulimsumbua kila alipotaka kuunyanyua.

Tumbo nalo lilianza mapema. Alipovuka bara kutoka Mto Zambezi hadi Luanda, mwaka 1854, aliingia mji huo akiwa hoi kwa homa na kuhara damu. Toka hapo, kuhara na bawasiri yenye kutoka damu vilimrudia tena na tena.

Kidonge chenye makali mawili

Katika zama hizo homa ya malaria iliwaua wageni wengi wa bara. Livingstone alikuwa miongoni mwa madaktari walioipa kwinini nafasi yake inayostahili. Alitengeneza kidonge chake mwenyewe, akichanganya kwinini na kalomeli pamoja na mizizi miwili yenye nguvu ya kuendesha tumbo. Baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome ya London iliuza vidonge vya aina hiyo vikihusishwa na jina lake.

Kwa homa, kwinini ilisaidia kweli. Lakini vile viungo vingine vilikuwa haluli, na kalomeli ni chumvi ya zebaki. Madaktari wa karne ya 19 waliamini kwamba lazima tumbo lisafishwe kabla homa haijaondoka. Kwa mtu mwenye utumbo mzima, haluli huleta usumbufu wa siku moja. Kwa mtu anayehara damu, humwongezea kupoteza maji na nguvu. Hivyo daktari huyu alitibu homa kwa kidonge ambacho ndani yake kilibeba mzigo mwingine kwa tumbo lake.

Mwaka 1864, akiwa likizo Scotland, daktari bingwa wa upasuaji wa Edinburgh, James Syme, alimshauri afanyiwe upasuaji wa bawasiri. Livingstone alikataa. Alikuwa mtu maarufu, na hakutaka ugonjwa wa sehemu za siri za mwili wake uandikwe magazetini. Aibu ilishinda ushauri wa daktari mwenzake, naye akarudi Afrika na ugonjwa ule ule.

Sanduku la dawa lapotea

Safari yake ya mwisho ilianzia Zanzibar mwaka 1866, akaingia bara kwa njia ya Mto Ruvuma. Tarehe 20 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa. Kwa Livingstone ilikuwa kama hukumu ya kifo, maana kwinini yote ilikwenda humo. Miezi michache baadaye, akiwa kusini mwa Ziwa Tanganyika, homa ilimwangusha nje ya kibanda chake hadi akapoteza fahamu.

Waliomwokoa ni wafanyabiashara wa misafara ya pwani. Alikaa nao zaidi ya miezi mitatu akingoja vita kati yao na Nsama, mtawala wa Itabwa, viishe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alimpa chakula, nguo na ushanga. Livingstone alichukia biashara yao ya watumwa na aliipinga maisha yake yote, lakini bila wao huenda asingeliona Ziwa Mweru. Aliyaandika yote mawili, wema waliomtendea na uovu aliouona.

Katika mwambao wa Mweru aliwakuta wavuvi wakiishi ndani ya ukanda wa miti kando ya mchanga. Aliwauliza majina ya samaki wao, akayaandika. Mwishoni mwa Novemba alifika kwa Mwata Kazembe, akapokewa kwa samaki waliokaushwa kwa moto na unga. Huko aliishi Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa kwa miaka mingi. Mzee huyo alimwandalia tambi kwa mafuta na asali, muhogo uliopikwa mfano wa halua, na kahawa. Livingstone hakuwa ameonja asali wala sukari tangu Septemba 1866, alipoondoka Ziwa Nyasa.

Jambo hili si dogo. Njiani alikuwa akila mahindi makavu hadi meno yake yakalegea na kung'oka. Mtu asiye na meno humeza chakula bila kukitafuna, na tumbo lililochoka hufanyishwa kazi ya kinywa. Kila alipopata chakula laini na mapumziko, alipata nafuu. Kila alipokosa, kuhara kulirudi.

Ujiji na nafuu ya milo minne

Julai 1868 alifika Ziwa Bangweulu akiwa na wafuasi wachache sana, kwani wengi walikataa kuendelea. Alipokuwa akielekea kaskazini, Januari 1869, mapafu yalimshika vibaya. Mohamad Bogharib, mfanyabiashara mwingine wa pwani, aliagiza abebwe, naye akapigwa chuku kifuani. Alifika Ujiji tarehe 14 Machi 1869, akakuta sehemu kubwa ya bidhaa zake zimekwisha kutapanywa. Dawa zake zilikuwa zimebaki Unyanyembe, mwendo wa siku nyingi.

Akiwa Umanyema mwaka 1870, vidonda vya miguu vilimfungia ndani kwa miezi. Alisaga jiwe la kijani la shaba, malakiti, akalichanganya na maji na kupaka kidondani kwa unyoya. Ndiyo dawa aliyoona inamfaa.

Alirudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa mifupa mitupu. Siku chache baadaye alifika Henry Morton Stanley na msafara wenye vyakula na dawa. Mgonjwa aliyekuwa akila milo miwili isiyo na ladha akaanza kula mara nne kwa siku, nguvu zikamrudia. Stanley alimsihi arudi Uingereza akapumzike na kutibiwa. Alikataa kwa mara nyingine.

Damu iliyopuuzwa

Tarehe 25 Agosti 1872 aliondoka Unyanyembe kuelekea Bangweulu. Haukupita mwezi, tumbo lilimkamata hata asile kwa siku kadhaa. Mvua zilipoanza, msafara uliingia katika mabwawa, watu wakitembea ndani ya maji kutwa nzima.

Damu ilianza kumtoka kwa wingi. Hapa ndipo lilipo kosa ambalo kila msafiri anapaswa kulijua. Livingstone, daktari aliyehitimu, alijiridhisha kwamba damu hiyo ni njia ya mwili kupumua, na kwamba maadamu inatoka, homa haitamshika. Aliona dalili ya hatari akaiita kinga. Kufikia Aprili 1873 alikuwa mweupe kama karatasi, hawezi kutembea wala kukaa juu ya punda. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, walimtengenezea machela.

Maandishi yake ya mwisho ni ya tarehe 27 Aprili 1873. Aliandika kwamba amechoka kabisa na kwamba ametuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Hadi mwisho alijua tumbo lake linahitaji nini, ila njia hiyo haikuwa na mbuzi wa kununuliwa.

Katika kijiji cha Chitambo, usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, alimwomba Susi amletee sanduku la dawa na maji ya moto. Kwa shida ya macho alichagua dawa moja, kalomeli ile ile. Kabla ya kucha alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda.

Wenzake waliutoa moyo na utumbo wake wakauzika chini ya mti. Ndani ya mwili walikuta donge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu. Waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Huko London madaktari waliutambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Somo kwa msafiri wa leo

Aspirini ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer mwaka 1899, miaka 26 baada ya kifo chake. Leo anayeumwa viungo ana dawa nyingi zaidi, kama diklofenaki na ibuprofeni. Lakini tatizo la kidonge chenye makali mawili halijaondoka. Dawa hizi hutuliza maumivu na uvimbe kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na baadhi ya kemikali hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Zikipungua, asidi ya tumbo hupata njia ya kuchoma, na vidonda huweza kutokea hata bila maumivu ya kutangulia.

Mfanyabiashara wa mpakani ana hatari yake ya pekee. Dawa moja huuzwa kwa jina moja Zambia na kwa jina lingine Kongo au Tanzania. Anayemeza kidonge cha Nchelenge asubuhi na cha Kilwa jioni anaweza kuwa amekunywa dawa ile ile mara mbili bila kujua. Dawa ina jina lake halisi, lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Hilo ndilo la kusoma, na asiyeliona amwombe muuzaji amsomee.

Vidonge hivi vinywewe pamoja na chakula, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache iwezekanavyo. Visichanganywe viwili vya aina hiyo, wala visifuatwe na pombe. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo, mwenye umri mkubwa, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu au prednisoloni, amweleze tabibu kabla ya kumeza. Kwa wengi parasetamoli ni nafuu kwa tumbo, mradi kipimo kisizidishwe, na kwa anayelazimika kuendelea na dawa ya viungo, tabibu anaweza kuongeza dawa ya kupunguza asidi. Zipo pia sababu nyingine za tumbo sugu katika maeneo ya ziwa, ikiwemo kichocho, na bakteria wa vidonda vya tumbo. Zote hupimwa, na zote zina tiba.

Choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, na kizunguzungu cha ghafla ni dalili za kuvuja damu ndani. Mtu wa namna hiyo hangoji soko lifungwe wala boti ya kesho. Livingstone alikuwa na elimu, ujasiri na marafiki wa kumbeba, na bado damu iliyopuuzwa ilimmaliza akiwa na umri wa miaka 60.