Jack Parsons, jamaa wa roketi ya lami

Unajua ile lami unayokanyaga kila siku iliwahi kusaidia ndege kupaa? Jack Parsons alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka wa 1914. Chuo kilimshinda kwa kukosa karo, digrii hakuwahi kupata, lakini baruti aliijua vizuri ajabu. Shida ilikuwa hii: baruti ya roketi ikikaa stoo inaingia nyufa, ukiiwasha moto unapenya mle ndani na kila kitu kinalipuka. Mwaka wa 1942 akayeyusha lami, akakoroga na pakloreti ya potasiamu, chumvi inayotoa oksijeni. Usicheke. Lami ilishika unga pamoja, ikawaka kama mafuta, na haikupasuka ovyo. Baadaye wenzake walitumia mpira badala yake. Parsons aliuawa na mlipuko nyumbani kwake Pasadena, 1952. Alikuwa na miaka 37 tu.