Joseph Kiwele, mutungaji wa Missa Katanga

Bandugu bachimbaji, hapa Kabondo-Dianda tunasikia watu wakisema muziki ya kuandikwa ku karatasi ni ya Bazungu. Hapana. Tukumbuke Joseph Kiwele.

Alizaliwa mu 1912 kule Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Alisoma seminari, akajua kupiga kinanda cha kanisa, akawa mwalimu mu Elisabethville, muji wa shaba. Alisoma tena muziki mu Ubelgiji, ku konservatwari ya Liège. Mu misa yake, Missa Katanga, maneno ni ya Kilatini lakini sauti ni za kwetu. Iliimbwa na batoto ba kwaya ya Croix de Cuivre, ni kusema musalaba wa shaba, ile bankambo betu walikuwa wanayeyusha mbele kampuni yoyote haijafika.

Mu 1960 akaingia serikali ya Tshombe, waziri wa masomo. Akatunga na wimbo wa ile Katanga iliyojitenga. Hapo ndipo kidonda chetu: wazee wetu wengi walikuwa na Balubakat, na ile serikali iliwapiga. Kiwele alikufa mu 1961, hata miaka 50 hakufikisha.

Sisi ba sendika tunasema hivi: ule wimbo wa bendera tuuache. Misa tuiimbe, ni kazi ya mwana wa kwetu. Na mutoto wa muchimbaji mwenye kupenda filimbi, mumutafutie mwalimu wa nota, vilevile munamutafutia wa hesabu.