Arkidiakoni William Percival Johnson wa Liuli, 1854–1928

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, msomaji atakuta habari za kahawa, maghala, mizani na hesabu za mwaka. Huenda akastaajabu kukuta pia habari za kasisi wa Kianglikana, hali wengi wetu tulio milimani Umatengo tulilelewa na mapadre wa Kibenediktini. Lakini ndugu zetu wa ufukoni, tangu Lituhi hata Mbamba Bay, hawana haja ya kuelezwa sababu. Mtu huyu aliwatumikia babu zao kwa miguu, kwa mashua na kwa merikebu, naye akafia kwao.

William Percival Johnson alizaliwa tarehe 12 Machi 1854 katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, na njia ya kazi ya serikali huko Bara Hindi ilikuwa wazi mbele yake, kazi yenye heshima na mshahara mwema. Akaiacha. Mwaka 1876 alijiunga na Misheni ya Vyuo Vikuu, ijulikanayo kwa herufi UMCA, akafuatana na Askofu Edward Steere mpaka Unguja. Na mwaka huo huo akawa katika msafara wa kuwapeleka watumwa waliokombolewa wakafanye makao yao mapya Masasi.

Masasi hakukaa sana, maana moyo wake ulikuwa ziwani. Mwaka 1880 alifika Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao. Biashara ya watumwa ilikuwa ingali na nguvu, na misafara ilipita pale ikielekea Kilwa. Wenye misafara wakamshuku kuwa ndiye apelekaye habari zao pwani. Mali yake ikaporwa, na mwaka 1881 ikambidi aondoke. Mtu mwingine angeliona hayo kuwa yatosha, akarudi kwao. Yeye alishika njia tena pamoja na rafiki yake, Padre Charles Janson, wakafika Ziwa Nyasa mwanzoni mwa mwaka 1882. Siku chache tu baada ya kuyaona maji, Janson akaugua, akafa. Johnson akamzika, akabaki peke yake kwenye ufuko ule mrefu.

Hali ya ufuko siku zile ilikuwa ya taabu kubwa. Watu waliishi kwa hofu ya vita na ya kutekwa. Wengine walikimbilia visiwani na kwenye majabali, kila kijiji kikijilinda chenyewe na kumwogea jirani. Johnson alitembea kijiji hata kijiji, akalala mchangani au katika kibanda chochote alichopewa, akala alichokula mwenyeji wake. Ndipo alipotambua jambo ambalo kila karani wa chama cha msingi cha mwambao analijua hata leo, kwamba watu wa ziwa hawawezi kuhudumiwa vema kutoka mahali pamoja. Anayetaka kuwafikia ni sharti awe na chombo.

Basi akarudi Uingereza kuomba michango. Fedha zikapatikana, merikebu ya moshi ikaundwa, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Penye maporomoko ya Shire, ambapo hakuna chombo kiwezacho kupita, vipande vilichukuliwa nchi kavu. Mwaka 1885 merikebu ilishushwa majini, ikaitwa Charles Janson kwa kumkumbuka marehemu. Lakini aliyeihangaikia kuliko wote alikuwa amekwisha kupatwa na msiba wake. Mwaka 1884 maradhi ya macho yalimshika vikali. Jicho moja likapotea kabisa, na la pili likabaki dhaifu maisha yake yote. Waganga wake hawakumtarajia arudi Afrika. Alirudi.

Kwa miaka mingi tangu hapo makao yake hasa yalikuwa chomboni. Kituo kikuu cha misheni kilikuwa katika kisiwa cha Likoma, lakini Johnson hakuwa mtu wa kituo. Merikebu ilimteremsha mahali, naye akaenda kwa miguu mpaka itakapomchukua tena, akikagua shule, akibatiza, akiamua magomvi, akiwatia moyo walimu. Walimu hao Waafrika ndio waliokaa na kazi kila siku. Yeye alikuwa mpitaji tu, tena mpitaji asiyeona vizuri. Haifai kuandika maisha yake kana kwamba aliifanya kazi hiyo peke yake.

Wala hatutaki kumfanya malaika. Asiyejihurumia mwenyewe mara nyingi husahau kuwahurumia wenziwe, na haikuwa rahisi kwa kijana mgeni kufuata mwendo na chakula cha Johnson. Kazi ile ilikula watu. Mnamo Agosti 1895 Padre George Atlay aliuawa na kikosi cha Wangoni upande wa bara. Tarehe 2 Septemba mwaka huo huo Askofu Chauncy Maples, rafiki wa Johnson tangu Oxford, alizama ziwani katika dhoruba alipokuwa akikimbilia Likoma. Mwaka uliofuata Johnson alifanywa Arkidiakoni wa Nyasa.

Jina la askofu huyo lilipewa merikebu ya pili, kubwa zaidi, iliyoundwa Glasgow na kushushwa ziwani mwaka 1901, iwe shule na hospitali juu ya maji. Boila lake lilikuwa na uzito wa tani 11, likatiwa magurudumu, na Wangoni 450 wa upande wa Malawi wakalivuta kwa kamba maili 64. Ndugu zetu waliopata kusukuma lori la kahawa matopeni wakati wa masika watapima wenyewe kazi hiyo.

Wakati huo huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuligawa ziwa. Kwa mikataba ya mwaka 1890 na 1891 Likoma ikawa ya Waingereza, ng'ambo yake ya karibu ikawa ya Wareno, na ufuko wetu ukawa wa Wadachi, ambao waliiita Liuli Sphinxhafen kwa sababu ya umbo la jabali lililo bandarini. Jamaa moja ilijikuta chini ya bendera tatu. Johnson aliendelea kuwazungukia wote. Katika miaka hiyo aliifasiri Biblia nzima kwa Kinyanja, ikachapishwa mwaka 1912. Na atakayekumbuka hali ya jicho lake ataelewa gharama ya kila ukurasa. Chuo Kikuu cha Oxford kilikuwa kimempa shahada ya heshima ya udaktari wa teolojia mwaka 1911.

Vita vya 1914 vilifika Liuli mapema mno. Tarehe 13 Agosti manowari ya Kiingereza Guendolen iliikuta meli ya Kidachi Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa ufukoni kutengenezwa, ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kidachi hakuwa na habari kwamba vita vimeanza.

Vita vilipokwisha Johnson alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, naye hakutaka kwenda kupumzika kwao. Aliandika vitabu viwili, kimoja juu ya ziwa na watu wake, kilichotoka mwaka 1922, na kimoja cha kumbukumbu zake, mwaka 1924. Alifariki Liuli mnamo Oktoba 1928, baada ya miaka 52 ya kazi katika Afrika.

Huko Likoma lilikuwapo kanisa kuu la mawe, kubwa na zuri, lililowekwa wakfu mwaka 1911. Johnson hakuzikwa huko. Kaburi lake lipo Liuli, na Waanglikana wa pande zote za ziwa huja kusali hapo.